Leven: Bendera Tuiache, Tushike Bildi

Kila meli ya Leven inapotajwa Mombasa, wa kwanza kunyoosha mkono huuliza habari za bendera ya Uingereza. Haya, tuimalize. Februari 1824 Kapteni William Owen wa Leven aliwakubalia Mazrui, watawala wa Mombasa, ombi lao la ulinzi wa Uingereza, na Julai 1826 ulinzi huo ukaondolewa. Basi. Owen hakutumwa kupandisha bendera. Alitumwa kupima bahari, na hilo hatulisemi.

Leven ilikuwa manowari ya matanga iliyoshushwa majini 1813. Ilifuatana na Barracouta, brigi (meli ya milingoti miwili) ya aina moja na Beagle, meli ya Darwin.

Sasa bildi. Ni kipande cha madini ya risasi cha ratili 7 hadi 14, hufungwa kwenye kamba kupimia kina cha maji, na chini yake kina kishimo cha kutiwa shahamu. Ikipanda na mchanga au tope, mmejua nanga itashika wapi. Ikipanda tupu, shahamu imebonyea, huko chini ni mwamba. Kamba ina alama zake kwa pima (pima moja ni karibu mita 1.8): ngozi mbili pima 2, ngozi tatu pima 3, kitambaa cheupe pima 5, chekundu pima 7, ngozi yenye tundu pima 10. Vitambaa si vya aina moja, maana usiku mpimaji husoma kwa kupapasa.

Bildi hurushwa mbele, ili meli ikiifikia kamba iwe imesimama wima. Meli ikienda mbio kamba hulala, na kina kinasomeka kirefu kuliko kilivyo. Hakuna kosa baya kama hili: nahodha anapewa maji ambayo hayapo! Halafu kuna kujaa na kupwa. Wakati wa bamvua, Mombasa tofauti hukaribia mita 4. Pima 3 ulizosoma maji yakiwa yamejaa, yakipwa hubaki mita moja na nusu hivi. Kwa hiyo kila kipimo huandikwa na saa yake, na ufukweni husimikwa mti wenye alama na mtu wa kuusoma. Namba isiyo na saa, itupeni.

Najua mtasema manahodha wetu waliijua miamba hiyo. Nani kakataa? Lakini ujuzi wa rubani hushuka naye pwani, ilhali chati humfikia mtu ambaye hajawahi kuja. Kama hilo lilitufaa au lilituponza, huo ni mhadhara mwingine.

Tena mwamba wetu husimama kama ukuta: bildi haigusi chini, mara meli imepanda mwamba. Dawa yake ni kutanguliza mashua, na mashua ndizo zilizowaua mabaharia wa Owen, maana ziliingia mitoni na kwenye mikoko, kwenye mbu. Ghuba ya Delagoa, Maputo ya leo, homa iliwafyeka. Madaktari wakawatoa damu wagonjwa, wakazidi kudhoofika. Luteni Reitz, aliyeachwa Mombasa, alikufa Mei 1824; Port Reitz ni jina lake.

Saa za kutafutia longitudo naziruka, mwenyekiti ananitazama. Kaskazini ya Unguja iko Leven Bank, ambako sakafu ya bahari hupanda ghafla kutoka kina kirefu. Itazameni kwenye chati, kisha mniambie ni mistari mingapi ya vipimo vya bildi ingetosha kuizunguka.