Kabla ya Kumshtaki Mwanafunzi

Ndugu wahadhiri wenzangu, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie akili mnemba na ufundishaji wa chuo kikuu, nami naanza na jambo linaloniumiza: haraka yetu ya kushtaki.

Tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayotunga maandishi ikiulizwa, ifunguliwe kwa umma Novemba 2022, walimu wengi wananiuliza swali moja: nitamkamataje mwanafunzi aliyeandikiwa na mashine? Mtu ana insha mkononi, Kiingereza chake kimenyooka kuliko alivyozoea kukisikia darasani, na moyo unamwambia kwamba huyu hakuandika mwenyewe. Anaipitisha kwenye programu ya kubaini maandishi ya mashine, inampa asilimia, na asilimia hiyo inageuka hukumu.

Hebu tuzitazame programu hizo. OpenAI, kampuni ile ile iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kibainishi chake Januari 2023. Kwa maelezo yake yenyewe, kilitambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kikasingizia asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Kufikia Julai walikuwa wamekiondoa. Mwaka huo huo, watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu programu saba za aina hiyo kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza cha wageni wa lugha hiyo, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo ziliambiwa ni za mashine. Insha za watoto wa shule wa Marekani zilipita karibu zote.

Sababu yake inaeleweka. Nyingi ya programu hizi hupima jinsi neno linalofuata linavyotabirika. Anayeandika kwa lugha ya kujifunza hushikilia maneno anayoyaamini na miundo aliyofundishwa, kwa hiyo maandishi yake hutabirika. Sasa mfikirieni kijana wetu. Darasa la kwanza hadi la saba amesoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza akakuta karibu kila somo kwa Kiingereza, na nyumbani huenda wanazungumza Kisukuma au Kihehe. Huyo ndiye ambaye kipimo kitamwonea. Nasema waziwazi: asilimia ya programu peke yake isimpeleke mwanafunzi yeyote mbele ya kamati ya nidhamu.

Sisemi kwamba udanganyifu haupo. Upo, na haukuletwa na mashine. Wote tunayajua madesa, yale makaratasi ya majibu na muhtasari wa masomo, yanayorithishwa mwaka hadi mwaka, na watu wanaowaandikia wengine tafiti kwa malipo. Mashine imekuta tayari tunatoa kazi zinazoandikika bila kufikiri.

Chukueni swali la "Jadili sababu za Vita vya Majimaji," vile vya wananchi kupinga utawala wa Wajerumani. Mashine italijibu kwa sekunde chache. Mwalimu wa historia ningemshauri alichapishe jibu hilo na kuwapa wanafunzi walisahihishe. Mashine inaweza kupatia kwamba vita vilikuwa vya 1905 hadi 1907, ikapatia hata kwamba Kinjekitile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya kinga, alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vimeanza. Kisha ikataja kitabu ambacho hakijawahi kuandikwa, ikakipa mwandishi, mwaka na namba za kurasa, maana kazi yake ni kupanga maneno yanayoelekea kufuatana. Haiendi rafuni kuhakiki. Mwanafunzi ndiye aende: maktaba, au Nyaraka za Taifa pale Dar es Salaam, penye majalada ya utawala wa Kijerumani. Aonyeshe kwa kalamu sentensi ipi haina ushahidi, ipi imesema nusu ya ukweli, na yeye angeandika nini. Anayetoka Songea au Liwale, kulikopiganwa vita hivyo, pengine ana wazee wenye simulizi walizopokea kwa wazazi wao, nazo azilete, azipime kama anavyopima majalada. Nikisoma kazi ya namna hiyo, namwona mwanafunzi akifikiri, hata kama Kiingereza chake kinachechemea.

Na kwenye karatasi ya swali tuandike wazi kinachoruhusiwa: kusahihisha sarufi, sawa au hapana? Kutafuta mawazo ya kuanzia? Mwalimu akinyamaza, kila mmoja anajitungia sheria yake.

Najua mtaniambia: mimi nina wanafunzi 400. Ukimhoji kila mmoja dakika tano, ni zaidi ya saa 33, na hakuna ratiba inayobeba hilo. Basi wachache wachaguliwe kwa bahati nasibu, waitwe kila wiki kwenye semina waeleze walichoandika na walikitoa wapi, huku kila mmoja akijua huenda akaitwa. Wapeni sehemu ya zile alama za kozi weki, yaani za kazi za muhula kabla ya mtihani wa mwisho, kwa maelezo hayo, na nyingine kwa rasimu ya kwanza iliyoandikwa kwa mkono darasani.

Wakuu wa idara mliopo hapa, hili linawahusu ninyi moja kwa moja. Kusoma rasimu na kuwasikiliza wanafunzi kunakula muda ambao leo hauhesabiwi popote. Muhula ujao, saa hizo ziandikwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri, kama zinavyoandikwa saa za kufundisha.