Undugu wa Ughaibuni: Kulala, Kuchanga na Kubeba Mzigo

Wazazi wangu, shikamooni. Vijana mnaojiandaa na safari, hamjambo?

Hapa Mtwara, mtu wa Newala na wa Nachingwea wakipishana stendi, kila mmoja anashika njia yake. Wakutanishe Guangzhou au Dubai uone! Dakika tano nyingi, wameshaitana ndugu, wamepeana namba, na Jumamosi kuna ugali. Ni jambo jema, wala sikuja kulikataza. Ila undugu huo tunauendesha kwa mazoea ya huku, na sheria ni za kule.

Chukueni suala la kulala. Kwetu mgeni hupokelewa, akaoneshwa kitanda, yakaisha. China, ukifikia kwa rafiki badala ya hotelini, lazima uandikishwe polisi wa mtaa ndani ya saa 24. Hotelini wanakuandikisha wao. Kwa rafiki, kazi ni yenu wawili. Nenda na pasipoti na nakala za ukurasa wa picha na wa viza, mwenyeji naye abebe mkataba wake wa pango. Karatasi mtakayopewa itunze, usiitupe na risiti za teksi. Faini ya kutojiandikisha inaweza kufika yuan 2,000. Kosa la kawaida ni kufika Ijumaa usiku na kusema, "Tutakwenda Jumatatu." Saa hizo 24 hazingojei Jumatatu.

Michango nayo. Msiba ukitokea huku, daftari linazunguka kabla hata turubai halijafungwa. Umoja wa Falme za Kiarabu, kuchangisha watu fedha bila kibali ni kosa la jinai, na tangazo la kwenye simu halisalimiki kwa kuwa ni la msiba. Kwa hiyo, kabla hujaandika "tuma kwa namba hii", piga simu ubalozi wetu Abu Dhabi au ubalozi mdogo Dubai, uulize njia inayoruhusiwa. Huko huko ulizia karatasi za kusafirisha mwili: cheti cha kifo, cheti cha mwili kutiwa dawa, pasipoti ya marehemu na barua ya ubalozi. Mara nyingi kinachochelewesha jeneza ni karatasi moja iliyosahaulika, hela zipo.

Sasa mzigo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mtu anakuletea kilo mbili za korosho: "Mwanangu, mpelekee kaka yako, yuko kule." Fungua mfuko mbele yake. Mimina zote kwenye sinia, pitisha mkono hadi chini, kagua na mfuko wenyewe kwenye mshono, kisha upakie mwenyewe. Akikataa usifunguliwe, mrudishie. China, heroini kuanzia gramu 50 inaweza kumfikisha aliyeisafirisha kwenye hukumu ya kifo, na gramu 50 hazizidi sana konzi ya korosho zilizobanguliwa. Dawa za hospitali pia zina mtego wake: tramadol, ambayo mgonjwa hapa huandikiwa kwa maumivu, Dubai ni dawa inayodhibitiwa. Usibebe ya mtu mwingine hata kwa kuhurumia.

Jamaa akinuna, mwelekeze kwenye ofisi ya kusafirisha vifurushi. Akajaze fomu kwa jina lake, aandike kilichomo, aweke na sahihi yake.