Mkono Unaotetemeka Ukiwa Umetulia

Mhadhara uliotolewa kwa wananchi mjini Moshi, wiki ya Siku ya Parkinson Duniani

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Mlipoingia hapa kila mmoja alipewa karatasi na kalamu, akaambiwa aandike sentensi moja mara tano: "Leo mlima umejifunika mawingu." Wengine mliuliza kama huu ni mtihani. Ni mtihani kweli, ila wa mkono. Zitunzeni hizo karatasi, nitazidai baadaye.

Nianze na kosa langu. Miaka ya mwanzo ya kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, aliletwa fundi seremala mmoja, mzee wa miaka sitini na kitu. Anasema bega la kulia linauma, mkono umekuwa mzito, randa haiendi. Nikampiga picha ya bega, nikamwandikia dawa za maumivu. Akarudi, nikaandika nyingine. Tulikwenda hivyo miezi minane. Siku moja mkewe, ambaye siku zote alikuwa akikaa kwenye benchi bila kusema neno, akaniambia: "Daktari, mtazame huyu akitembea. Mkono mmoja unakwenda, mwingine umelala." Nikamwomba mzee aende hadi mlangoni na kurudi. Mkono wa kushoto unabembea vizuri, wa kulia umebana ubavuni kama mtu aliyeficha gazeti kwapani. Yule mama alikuwa ameshapima ugonjwa. Mimi nilikuwa nikitazama bega, yeye alikuwa akimtazama mume.

Ulikuwa ugonjwa wa Parkinson. Na kama mnadhani nasimulia ili nionekane mnyenyekevu, hapana: bega linalouma au kukaza bila sababu ni moja ya njia ambazo ugonjwa huu hujitangaza, na hadi leo sisi waganga tunalikosea.

Jina hilo ni la James Parkinson, daktari wa London, aliyezaliwa tarehe 11 Aprili 1755, na ndiyo maana siku yake huadhimishwa Aprili. Mwaka 1817 aliandika kijitabu juu ya watu sita waliokuwa wakitetemeka na kutembea wameinama mbele. Wengine hata hakuwapima: aliwaona barabarani akapiga nao soga, na mmoja alimtazama kwa mbali tu. Ugonjwa mzima uliingia katika vitabu kwa macho ya mtu anayetembea mtaani. Nitalirudia jambo hili.

Ndani ya kichwa kinachotokea ni hiki. Chini, katikati ya ubongo, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Dopamini ndiyo inayolainisha mwendo, kama mafuta kwenye mnyororo wa baiskeli. Seli hizo zinakufa polepole, kwa miaka, na mwili unavumilia hadi sehemu kubwa imekwisha kwenda. Ndipo mnyororo unaanza kulia.

Sasa inueni mkono mmoja, nyote, na mzee pale nyuma pia. Gusanisheni kidole gumba na cha shahada, mkivifungua kwa upana wote, upesi, mara kumi na tano. Haya. Mnaona? Wengi wenu mmemaliza kwa upana ule ule mlioanza nao. Mwenye Parkinson huanza vizuri, kisha vidole vinafunguka kidogo, halafu kidogo zaidi, mwisho vinanata. Huo uzito wa mwendo ndio alama tunayoitafuta kwanza. Bila huo, hatusemi Parkinson. Ukiongeza misuli iliyokaza, ile ambayo nikimkunja mtu kiwiko nasikia inakwama-kwama kama gia mbovu, au mtetemo, basi tumefika karibu.

Na huo mtetemo, jamani, sikilizeni vizuri. Ni wa mkono uliotulia, uliolala mapajani, mara nne hadi sita kwa sekunde, gumba likizungukia vidole kama mtu anayehesabu noti. Akinyanyua kikombe cha chai, mara nyingi unapungua. Yule ambaye chai inamwagika kila anapoipeleka mdomoni, lakini mkono ukiwa mapajani hauna shida, mara nyingi ana kitu kingine, na asiandikiwe Parkinson kwa haraka. Tena wapo wenye Parkinson wasiotetemeka kabisa. Hao ndio huambiwa "ni uzee tu" hadi wanaanguka.

Miaka kadhaa kabla ya mkono, kuna ishara ambazo hakuna anayezipeleka hospitali. Pua kutosikia harufu ya kahawa inayokaangwa. Choo kigumu. Na ndoto: baba anapigana na chui usingizini, anarusha ngumi, asubuhi mama ana jicho limevimba na majirani wanasema yao. Si kila mwenye choo kigumu ana Parkinson, msianze kutazamana hivyo! Zikija pamoja ndipo zinakuwa na maana.

Jambo jingine: leteni mfuko wote wa dawa mkija kliniki. Haloperidoli ya wagonjwa wa akili, na metoklopramidi ya kichefuchefu ambayo watu wananunua kama peremende, zote zinaziba njia ya dopamini na zinaweza kumfanya mtu atembee kama mwenye Parkinson. Ukiachishwa dawa hiyo na daktari, mara nyingi mwendo wa kawaida unarudi polepole. Nimewahi kumuona bibi akatupa mkongojo kwa kuachishwa kidonge.

Mnasoma kwenye simu kwamba kuna vipimo vipya. Ni kweli, na ni vya kusisimua. Protini moja, alfa-sinukleini, hujikunja vibaya na kurundikana ndani ya seli za wagonjwa. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kipimo kinachoinasa protini hiyo katika maji ya uti wa mgongo. Walipima watu zaidi ya 1,100, na miongoni mwa wenye Parkinson kiliwatambua karibu 88 kati ya 100. Mwaka 2024 wengine wakaipata kwa kukata vipande vidogo vya ngozi. Na kuna Joy Milne, muuguzi wa Scotland, aliyeona mumewe amebadilika harufu miaka mingi kabla hajaugua. Wanasayansi wa Manchester wakamchukua kwa uzito, wakaanza kutafuta kemikali za harufu hiyo katika mafuta ya ngozi. Mke tena, mnaona.

Mimi navishangilia vipimo hivyo, lakini niseme ninavyoona. Kazi yake kubwa kwa sasa ni katika utafiti: kuwapata watu mapema ili dawa mpya zijaribiwe kwao kabla seli hazijaisha. Mama anayeshuka kutoka Masama kwa daladala hahitaji kuchomwa sindano ya mgongo ili nijue anaumwa nini. Anahitaji mtu atakayemwambia tembea hadi mlangoni.

Hilo lilithibitishwa hapa hapa jirani. Mnaotoka Hai huenda mnakumbuka watu waliopita nyumba kwa nyumba na madodoso, miaka ya 2000. Ulikuwa utafiti wa madaktari wa Tanzania na Uingereza, akiwemo Catherine Dotchin na Richard Walker. Katika watu kama 161,000 walipata wagonjwa 33 wa Parkinson. Mtu anaweza kusema 33 si wengi. Lakini wengi wa hao 33 hawakuwahi kuambiwa ugonjwa wao ni nini, na hawakuwahi kumeza kidonge hata kimoja. Walikuwa wameketi migombani, kilomita chache kutoka barabara ya lami. Wengine walidhani ni uzee. Wapo wanaodhani ni mkono wa mtu, na siwacheki, maana ugonjwa unaoanza upande mmoja wa mwili, tena taratibu, unafanana sana na kitu kilichotumwa.

Na kidonge kipo tangu zamani. Levodopa ni malighafi ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha miaka ya 1950 kwamba inawaamsha sungura waliogandishwa kwa dawa nyingine, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mwaka 1967 George Cotzias akaonyesha Marekani kwamba ukipandisha dozi polepole, wagonjwa waliokuwa wamekakamaa wanasimama. Leo huchanganywa na kabidopa ili isiishie njiani na kukuletea kichefuchefu. Imezidi miaka 50, na bado hakuna iliyoipita.

Hapa kuna kosa linaloniudhi. Watu wanaambiwa, hata na wataalamu: "Usianze sasa, itunze dawa, itaisha nguvu." Wanahofia ile michezo ya mwili kujinyonganyonga inayokuja baada ya miaka ya matibabu. Mwaka 2014 ulitoka utafiti uliolinganisha wagonjwa wa Ghana, ambao wengi walichelewa kupata dawa, na wa Italia, waliowahi. Ikaonekana kwamba kunyonganyonga kunafuata umri wa ugonjwa kuliko umri wa dawa. Aliyechelewa kumeza hakuokoa kitu. Alipoteza tu miaka ya kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe. Mwaka 2019 utafiti wa Uholanzi wa watu 445 ukaona pia kwamba kuanza mapema hakudhuru, ingawa hakuuzuii ugonjwa wenyewe kusonga.

Mezeni nusu saa kabla ya chakula. Maharage na nyama vinagombania mlango mmoja na dawa kwenye utumbo, na nyama mara nyingi hushinda.

Sasa upupu. Naona mmeanza kujikuna! Nani hapa hakuwahi kupakwa upupu shuleni? Mmea ule ule, ukitoa yale manyoya ya ganda, ndani una mbegu, na mbegu hizo zina levodopa, kiasi cha asilimia 4 hadi 6 hivi. Si hadithi ya sokoni. Mwaka 2017 Roberto Cilia na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika Bolivia: wagonjwa 18, unga wa mbegu zilizokaangwa, dozi moja moja, mgonjwa na mpimaji wote wakiwa hawajui kilichomo. Unga ulifanya kazi kama kidonge, na dozi kubwa ilidumu zaidi. Nilipousoma nilifurahi, nikafikiria vihamba vyote vya huku, mashamba yetu ya nyumbani.

Mwaka uliofuata wakatoa jaribio la wiki 16, watu 14, wakinywa kila siku. Saba waliacha. Wanne tumbo liliwasumbua, watatu mwendo ulizidi kuwa mbaya. Nusu, ndugu zangu. Kwa hiyo anayewauzia unga wa upupu kwenye chupa, asiyejua mbegu ipi ina kiasi gani, anawauzia nusu ya habari. Naamini siku moja utafiti utatupa upupu uliopimwa sawasawa, kwa wale ambao kidonge hakiwafikii. Siku hiyo haijafika.

Mengine nayapita mbio. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, akiwemo Profesa Njideka Okubadejo wa Lagos, pamoja na wenzao wa nje, walipata badiliko katika kinasaba cha GBA1 ambalo liko karibu kwa watu wenye asili ya Afrika peke yao. Nakala moja inaongeza hatari mara moja na nusu hivi, mbili zaidi ya mara tatu. Miaka yote vinasaba vilivyochunguzwa vilikuwa vya Wazungu, na hakuna aliyeliona. Mwaka 2025 Japani na Marekani wameripoti kupandikiza seli mpya za dopamini kwa wagonjwa wachache. Ilionekana salama, tusubiri. Mwaka huo huo dawa ya kisukari iitwayo eksenatidi, iliyokuwa imetupa matumaini, ilishindwa katika jaribio la watu 194. Hiyo nayo ni habari, maana imetuokolea fedha.

Na moja la nyumbani. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa huku kaskazini kwa wagonjwa ambao hawakuwa wameanza dawa. Walifundishwa kutembea kwa kufuata vielekezo, yaani ishara za nje za kuongoza hatua, kwa wiki 3, na mwendo wao ukawa bora. Ubongo uliopoteza mdundo wa ndani unaweza kuazima wa nje. Nina mgonjwa aliyekuwa akiganda mlangoni kila asubuhi, miguu imeota mizizi. Mjukuu wake sasa anampigia makofi: moja, mbili, moja, mbili. Wanatoka hadi kwenye banda la ng'ombe wakiandamana kama mgambo, na ng'ombe wameshazoea.

Kuna swali pale. Mama anauliza, dawa ikikosekana famasi afanye nini? Shikamoo mama. Usiikatishe ghafla, ni hatari. Anza kuitafuta ukiwa bado una vidonge vya wiki mbili, na ukiona huipati njoo kliniki kabla havijaisha, tupange pamoja.

Haya, toeni zile karatasi. Tazama mstari wa kwanza, kisha wa tano. Kwa mwenye Parkinson herufi hupungua kadiri anavyoandika, mwisho zinakuwa kama sisimizi. Kama wako umepungua, usishtuke, pengine uliandikia gotini au umesahau miwani. Wewe baki tu hapa kidogo. Watu wakitoka na njia ikiwa wazi, utatembea hadi mlangoni na kurudi, nami nitakaa hapa nikutazame.