Kabla ya Kushika Mrija, Muulize Analala Wapi

Ndugu zangu madaktari na wauguzi, hili la kukimbilia mrija wa kutoa hewa kifuani mmenisikia nikilisema, na leo nalirudia. Kijana ameingia idara ya dharura kwa miguu yake. Kifua kimembana ghafla upande mmoja, hakuumia, hana historia ya ugonjwa wa mapafu. Eksrei inaonyesha hewa imevuja kutoka kwenye pafu na kubaki kifuani, pafu limesinyaa. Presha nzuri, oksijeni nzuri, anaongea bila kuhema. Mbona tayari mrija uko mezani?

Mrija unauma, unaleta maambukizi, unamfunga mtu kitandani na chupa yake ya maji ambamo hewa inatokea. Na ile chupa! Ndugu anataka kufagia, anaiinua anaiweka kitandani juu ya kiwango cha kifua, maji yanaweza kurudi ndani. Mmeyaona haya wodini.

Mwaka 2020 Australia na New Zealand walichapisha utafiti wa wagonjwa 316 wa aina hii. Kati ya 162 walioangaliwa tu bila mrija, 25 ndio waliokuja kuhitaji kutolewa hewa. Wengi wa waliobaki pafu lilijaa lenyewe, kwa wiki kadhaa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Daktari, hiyo ni Australia, wangu anakaa Chanika, huko pembezoni mwa Dar es Salaam." Sawasawa! Ndiyo maana nasema muulize analala wapi. Analala peke yake? Nani ana simu? Saa nane usiku akibanwa, nani atampakia, kwenye nini, na hospitali ya karibu yenye eksrei ni ipi? Haya ni matibabu, yaandikwe kwenye faili kama unavyoandika dozi. Hata kwenye utafiti ule wapo ambao hawakupigwa picha kwa wakati. Majibu yakiwa mabaya, mlaze, hakuna aibu. Yakiwa mazuri, mkalishe angalau saa 4, rudia eksrei, mtembeze korido na kipimo cha oksijeni kidoleni. Akiwa vizuri, mpe ruhusa na tarehe ya kurudi, na mwite anayeishi naye asikie dalili za hatari kwa masikio yake. Kumwambia mgonjwa peke yake, akiwa na hofu, hakutoshi.

Kuna pia kifaa kidogo chenye vali ya njia moja, inayotoa hewa kifuani bila kuirudisha, mtu anakwenda nacho nyumbani. Uingereza walikijaribu, siku za kulazwa zikapungua sana, lakini matatizo makubwa yalitokea zaidi kwa waliokwenda nacho. Nasikia muda umekwisha, niyataje haraka yaliyobaki. Mwenye TB au mapafu yaliyokwisha kuharibika, msimpe ruhusa kwa hesabu hizi, huyo analazwa. Presha ikishuka na anahema, msisubiri eksrei, toeni hewa kwa sindano papo hapo. Ndege asipande mpaka eksrei ionyeshe pafu limejaa, na siku 7 zipite baada ya hapo. Anayezamia majini kwa mitungi ya hewa asirudi majini kabla ya kuonana na bingwa wa kifua. Na sigara, mwambieni aache leo hii, kabla hajatoka mlangoni.