Nani Anayepampu Karabai ya Angani?

Assalaam aleikum. Na ambao si salamu yao, habari za jioni. Wazee wangu, shikamooni.

Naona viti vitupu vingi, na kosa ni langu. Nilichagua usiku wa giza ili nyota zionekane vizuri, nikasahau kwamba hapa Ujiji usiku wa giza ni wa dagaa. Wale niliowatamani zaidi wanisikilize ndio wale kule ziwani, taa zao mnaziona. Basi tuanzie kwenye taa zao.

Siku hizi wengi wamehamia taa za betri, lakini watu wazima mliopo hapa mmewahi kupampu karabai. Mnajua kinachoangaza si moto wenyewe. Ni kile kifuko cheupe kinachopata moto mpaka kikameremeta. Ukiacha kupampu, mwanga unanywea, unageuka manjano, mwishowe giza. Kwa hiyo ukiona karabai imewaka vizuri saa nane za usiku, unajua pembeni yake kuna mtu yuko macho.

Sasa tazameni kaskazini. Kilimia mnakijua, kile cha wakulima: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua. Kiko upande wa ziwa. Kulia kwake, chini ya nyota za Jabari, kuna kitu ambacho kwa macho matupu hamtakiona. Kinaitwa Nebula ya Kaa, yaani wingu la gesi huko angani.

Mwezi Julai mwaka 1054, Wachina waliokuwa wakiandika mambo ya anga waliona pale nyota ambayo jana yake haikuwapo. Wakaiita nyota mgeni. Ilionekana mchana kweupe kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili, ndipo ikapotea. Haikuwa mgeni hata kidogo. Ilikuwa nyota kubwa inayokufa. Fueli ya kitovuni ilikwisha, kitovu kikaporomoka kwa uzito wake chenyewe, na sehemu kubwa ya nyota ikarushwa nje. Tukio hilo ndilo supanova. Gesi iliyorushwa bado inakimbia, kilomita kama 1,500 kwa sekunde. Kutoka Kigoma ungefika Dar es Salaam kabla hujapepesa macho mara mbili. Treni yetu mnaijua, sitaitaja.

Hapo ndipo wataalamu walipokwama. Gesi ikitanuka hupoa. Baada ya miaka karibu elfu moja, ile ilipaswa kuwa imefifia kabisa, lakini inatoa mwanga unaolishinda Jua letu makumi ya maelfu ya mara. Nani anapampu?

Jibu lilipatikana mwaka 1968. Katikati ya Kaa kuna kilichobaki cha kile kitovu: kidude cha kilomita 20 hivi kwa upana, yaani utoke hapa uende Kigoma mjini na urudi, lakini kina uzito unaozidi wa Jua zima. Kinazunguka mara 30 kila sekunde. Tunakiita pulsa. Sumaku yake kali hurusha elektroni kwa kasi inayokaribia ya mwanga, na elektroni hizo zikipinda njiani hutoa nuru ya samawati. Kila siku pulsa inapunguza mwendo kidogo mno, na nguvu inayopotea hapo ndiyo inayowasha Kaa. Mpampaji tumempata, na anachoka polepole.

Si masalia yote ya supanova yana mtu wa kupampu. Geukeni kusini, chini kidogo kuelekea upeo. Kwenye Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi jirani yetu, Februari 1987, supanova nyingine ilionekana. Mahali pake ni umbali wa miaka ya nuru kama 168,000, yaani mwanga wenyewe husafiri miaka yote hiyo kutufikia, lakini kwa miezi kadhaa ilikuwa inaonekana kwa macho matupu, na kutoka hapa tulipo ingeweza kuonekana. Mwenye kumbukumbu ya mwaka ule aniambie baadaye.

Mwanzoni mng'ao wake ulilishwa na kobalti iliyokuwa ikioza na kugeuka chuma. Hesabu ya chuma chote kilichotengenezwa pale inazidi uzito wa Dunia 20,000. Ungeunda meli kama MV Liemba yetu ya ziwani mpaka uchoke. Kobalti ikapungua, mwanga nao ukashuka. Halafu ikaja taa ya pili. Nyota ile ilikuwa imejizungushia pete ya gesi maelfu ya miaka kabla ya kufa. Wimbi la mlipuko lilipoigonga pete, vinundu vya gesi vikaanza kuwaka, hiki halafu kile, mpaka pete nzima ikawa kama tasbihi ya moto. Hapo hakuna pampu. Ni kugongana tu, na pete ikishapitwa na wimbi inafifia.

Ila mwaka 2024 watafiti wanaotumia darubini ya James Webb walitangaza dalili kwamba katikati ya vumbi lile kuna kitu kinachopasha gesi, huenda nyota ya nyutroni, yaani kitovu kilichoporomoka kama kile cha Kaa. Kwa hiyo mpampaji huenda yupo, bado amejifunika blanketi.

Haya, darubini ile pale, nimeielekeza kwenye Kaa. Watoto watangulie. Mwanga mtakaouona uliondoka kule miaka kama 6,500 iliyopita. Na msinidai rangi za kwenye picha: mtaona kidoa cha kijivu, kama pumzi kwenye kioo. Anayeona tochi ya simu imewaka aizime, tafadhali.