Bendera ya Mmoja, Funguo za Mwingine

Mabibi na mabwana, mmenisikia nikilisema hili mara nyingi na leo nalirudia: kukaa ndani ya jengo si kulimiliki. Tazameni Ngome ya Yesu, Mombasa. Wareno waliianza 1593, Waomani wakaitwaa 1698. Mwaka 1895 Waingereza wakaigeuza jela. Hapo ndipo penye kazi, maana mwaka huohuo Sultani wa Unguja aliwakabidhi Waingereza utawala wa ukanda wa pwani wa maili 10 kwa malipo ya kila mwaka, na enzi ikabaki yake. Basi juu ya ngome inapepea bendera nyekundu ya Sultani, chini funguo zimo kiunoni mwa askari jela wa Mwingereza. Haya, mwenye nyumba ni nani?

Kuna mwanasheria hapo mbele anatikisa kichwa: jengo hufuata ardhi. Hayo ni ya Uingereza, bwana. Nenda mtaa wa Majengo, Mombasa, ukamwambie hivyo mwenye nyumba anayemlipa mtu mwingine kodi ya kiwanja! Pwani nyumba ina mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na mkoloni alilijua hilo vizuri.

Jela ikafungwa 1958. Fedha za kuikarabati zikatoka Wakfu wa Gulbenkian, taasisi ya hisani ya Lisbon. Naam, Ureno tena! Makumbusho yakafunguliwa 1960. Oktoba 1963 Sultani akauachia ukanda kwa Kenya, lakini mkataba wa enzi hauhesabu milango.

Na milango lazima ihesabiwe. Jeshi linapokabidhi kambi ni vivyo hivyo: kabla kikosi hakijaondoka, andikeni orodha mbili: vilivyoungwa na jengo, kama mabomba, nyaya na matangi, na vinavyobebeka, kama vitanda na majiko. Jenereta ndiyo ya kugombaniwa: imefungwa kwa nati kwenye sakafu ya zege, kila upande unaidai. Wakati wanabishana, hakuna anayelipa mlinzi, na vinavyotangulia kutoweka ni mabati na nyaya za shaba.

Mwenyekiti anatazama saa, kwa hiyo nakimbia. Kambi ya Templer ya jeshi la Uingereza, Kahawa, Nairobi, ilikabidhiwa serikali ya Kenya 1965 ikawa Chuo cha Kenyatta; aliyeipokea alikuwa na kazi nayo. Mackinnon Road je? Bohari kubwa ya jeshi iliyoanzwa baada ya Vita Kuu ya Pili, ikaachwa, kisha wakati wa Hali ya Hatari wakafungiwa humo watuhumiwa wa Mau Mau. Manyani, kambi nyingine walikofungiwa watuhumiwa hao, tutaizungumza siku nyingine.