Kitunguu Bila Mafuta, Mchuzi Bila Kitunguu

[Muziki wa kufungulia unafifia]

ZUHURA: Karibuni tena mezani. Mimi ni Zuhura.

BARAKA: Na mimi Baraka, ambaye leo nanuka vitunguu mpaka kwenye kope.

ZUHURA: Tutafika huko. Leo tunaongelea mapishi yasiyo na nyama, yale tuliyoyaokota safarini. Lakini kabla hujaanza, nina dukuduku langu. Nimechoka na mapishi ya "toa nyama, weka uyoga".

BARAKA: Uyoga umekukosea nini, dada?

ZUHURA: Uyoga hauna kosa. Kosa ni la mpishi anayechukua chakula kilichojengwa juu ya nyama, akaing'oa hiyo nyama, halafu akashangaa nyumba imeinama. Siku hizi nikisafiri natafuta jiko ambalo nyama haikuwepo tangu mwanzo. Watu wa mfungo, watawa, watu wenye miiko yao. Hao wamekaa na adesi na mbaazi vizazi na vizazi, wanajua ladha inachimbwa wapi.

BARAKA: Basi tuanzie Ethiopia, maana ndiko nilikotiwa adabu. Waumini wa Kanisa la Othodoksi la kule hufunga Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na mfungo mkubwa kabla ya Pasaka ni siku 55. Siku hizo hawagusi nyama, maziwa, siagi wala mayai. Sasa mimi, siku ya kwanza Addis Ababa, naingia mgahawani, nasema kwa madaha: "Sili nyama." Nikaletewa adesi tamu ajabu. Nimefika nusu ya sahani ndipo nauliza, mbona zinanukia hivi? Samli. Ile samli yao inayochemshwa na viungo.

ZUHURA: Hukudanganywa. Samli si nyama.

BARAKA: Sikudanganywa hata kidogo, nilijieleza vibaya. Na tumbo langu na vitu vya maziwa haviivi chungu kimoja, unajua. Kesho yake mhudumu akanifundisha neno moja: yetsom. Yaani cha mfungo. Ukishalitamka hilo, huna haja ya kujieleza tena. Inakuja injera, ule mkate wao mwembamba na laini, imetandazwa kama kitambaa cha meza, na juu yake mafungu: adesi nyekundu, njegere zilizopasuliwa, kabichi na karoti, majani, na shiro, ule mchuzi mzito wa unga wa dengu.

ZUHURA: Na vitunguu vya kwenye kope?

BARAKA: Haya. Jana nimekata vitunguu sita, vidogo vidogo kama punje za mchele. Sufuria kavu. Sijatia mafuta, hata tone. Moto mdogo, unavimimina, unakaa na mwiko wako. Mwanzo vinatoa maji, vinalia. Maji yakikauka vinaanza kushika chini, hapo unatia kijiko cha maji, unakwangua. Vinashika tena, unakwangua tena. Baada ya kama nusu saa huoni kitunguu. Unaona kitu kama jamu, rangi ya udongo. Ndipo sasa yanakuja mafuta, kitunguu saumu, na berbere, ule mchanganyiko wao wa pilipili na viungo. Unakaanga mpaka mafuta yageuke mekundu, halafu adesi na maji.

ZUHURA: Nusu saa! Kwa nini usianze na mafuta kama wanadamu wengine?

BARAKA: Nimejaribu njia zote mbili. Ukianza na mafuta, kitunguu kinakaangika, vipande vinabaki vipande. Kikianza kikavu kinalainika mpaka kinavunjika chenyewe, ndicho kinachokuja kuwa rojo. Huhitaji unga, huhitaji nyanya, huhitaji tui. Uzito wote ni kitunguu.

ZUHURA: Mimi nimekula kitunguu kilichofanyiwa kinyume chake kabisa. Lebanon, mujaddara. Adesi za kahawia, mchele, kitunguu, chumvi, bizari nyembamba kidogo. Basi. Ukiambiwa kwa mdomo unasema hiki ni chakula cha mwisho wa mwezi. Lakini kitunguu chenyewe! Kinakatwa vipande virefu, kinakaangwa kwenye mafuta ya kutosha, na hapo mpishi haogopi. Anapita rangi ya dhahabu, anapita kahawia, anasimama hatua moja tu kabla ya kuungua. Kingine kinachanganywa ndani, kingine kinamwagwa juu kikiwa bado kinavunjika kwa meno. Na mafuta yaliyokaangia hayamwagwi, yanaingia kwenye chungu.

BARAKA: Nikikaanga mimi hiyo hatua moja kabla huwa naikuta nimeshaivuka.

ZUHURA: Kwa sababu unangoja rangi iive ndani ya mafuta. Vitoe vikiwa bado vyekundu kidogo, moto uliomo ndani yake utavimalizia kwenye sahani. Halafu kuna kijichungu kinabaki mwishoni, usikiogope. Ndicho kinachofanya wali na adesi visiwe chakula cha mgonjwa.

BARAKA: Kwa hiyo kitunguu ndiyo nyama ya wasiokula nyama.

ZUHURA: Ningekubali, kama nisingefika Ahmedabad, India. Nilikaribishwa kula kwa familia ya Wajaini, wafuasi wa dini ya kale ya huko. Wajaini hawali nyama, samaki wala mayai, na walioshika dini sana hawali hata kinachokua chini ya ardhi. Kitunguu hakuna, saumu hakuna, kiazi hakuna. Ukiking'oa umeua mmea mzima, na wadudu wadogo wa kwenye udongo pamoja nao.

BARAKA: Mimi ningeaga mapema.

ZUHURA: Nami nilikuwa nakaza uso kwa heshima tu. Ikaletwa dali ya mbaazi zilizopasuliwa, zimechemshwa mpaka zimerojeka, rangi ya manjano, zimetulia. Mama mwenye nyumba akashika kikaangio kidogo, hiki cha kukaangia yai moja. Mafuta, yakachemka. Punje za haradali, zikaanza kurukaruka. Bizari nyembamba. Pilipili kavu moja. Halafu mvuje, ule utomvu mkavu uliosagwa, kiasi cha ncha ya kisu. Akamwaga vyote kwenye dali, chaaa! Akafunika hapo hapo. Alipofunua, Baraka, nakuapia, nilisikia harufu ya kitunguu na saumu kwenye nyumba ambayo haina kitunguu wala saumu.

BARAKA: Mvuje ule ule ambao ukifungua kopo nyumba nzima inakutazama?

ZUHURA: Huo huo. Ukiwa mbichi unanuka vibaya, sitetei. Ukipita kwenye mafuta ya moto unageuka kitu kingine. Ila wasiokula ngano wasome lebo, maana unga wa mvuje mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili usigandane. Na mwenye kuanza asizidishe. Mimi mara ya kwanza nilitia kijiko kizima. Mume wangu alikula mkate.

BARAKA: India angalau unajua unachokula. Pakiti za vyakula zina kile kinukta cha kijani ndani ya mraba: hakuna nyama, hakuna yai.

ZUHURA: Ila maziwa yamo kwenye kijani, wewe na tumbo lako mkumbuke.

BARAKA: Japani sasa ndiko nilikoumbuka. Wiki nzima nakunywa supu ya miso, ile ya soya iliyochachushwa, najisifu. Tofu, ile jibini ya soya, mwani, kitunguu cha majani, unaona kabisa hakuna mnyama humo. Kumbe ladha ya ile supu inatokana na dashi, yaani mchuzi wake wa msingi, na dashi ya kawaida hutengenezwa kwa jodari aliyekaushwa, akaparuzwa mpaka akawa mwembamba kama karatasi. Huioni, kwa sababu huchujwa.

ZUHURA: Ulijuaje?

BARAKA: Nililala hekaluni Koyasan, mlima wa mahekalu huko huko Japani. Watawa wa Kibudha kule wanapika shojin ryori, chakula cha kitawa kisicho na nyama, na hao nao wana mwiko wa kitunguu na saumu. Unaona? Mwiko huo huo, nchi nyingine. Utamaduni huo wanauchukulia kwa uzito: mtawa Dōgen aliandika maelekezo kwa mpishi wa monasteri mwaka 1237. Sasa supu yao ilikuwa na kina kuliko zote nilizokunywa mjini. Nikauliza. Jibu: kombu, yaani mwani mpana mkavu, na uyoga wa shiitake uliokaushwa. Maji baridi, usiku mmoja. Basi.

ZUHURA: Hauchemshwi?

BARAKA: Ukitaka haraka, unaupasha mwani taratibu na kuutoa kabla maji hayajatokota. Ukitokota unatoa ute na ladha chafu. Mimi hutia kipande cha mwani cha ukubwa wa kiganja, uyoga minne, lita moja ya maji, usiku mzima. Na mwanakemia Kikunae Ikeda ndiye aliyetoa glutamati, kitu kinachotia ladha, kwenye mwani huo huo, mwaka 1908, akaipa ile ladha nzito ya supu jina la umami. Watawa walikuwa wanainywa siku zote hizo.

ZUHURA: Unaona sasa uyoga umeingia na mimi sijalalamika. Haukuja kuwa badala ya mtu.

BARAKA: Msikilizaji mmoja alituuliza kama jibini inamfaa asiyekula nyama. Nimjibu kwa kifupi: Parmigiano Reggiano, ile jibini ngumu ya Italia, hugandishwa kwa kimeng'enya kinachotoka tumboni mwa ndama. Ukiikwangua juu ya tambi zako za mboga, ndama yumo.

ZUHURA: Hiyo habari nilikuwa naishi vizuri bila kuijua. Haya, mwani wenyewe ukishatoa ladha yake unatupa?

BARAKA: Thubutu! Unaukata vipande vyembamba, na uyoga pia, unavipika kwenye mchuzi wa soya na sukari kidogo mpaka vikauke na kung'aa, unamalizia na ufuta. Kijiko kimoja juu ya wali mweupe. Ninao kopo zima hapa begani, kwenye mkoba.

ZUHURA: Tangu tumeanza kurekodi unao, na hujasema?

BARAKA: Ulikuwa unanisimanga kuhusu vitunguu.

ZUHURA: Zima kipaza sauti. Leta kijiko.